Tundu Nyuma ya Kalenda

Elkana alikuwa mwana wa M'Ikiara, na M'Ikiara mwana wa M'Rukaria, na M'Rukaria ndiye yule aliyeketi katika baraza la wazee wa Njuri Ncheke kwa miaka ishirini na tisa bila neno lake kuhitaji kiapo. M'Ikiara alikuwa karani wa mahakama ya kienyeji kule Nkubu, na watu walipogombania mpaka wa shamba walilifungua kwanza daftari lake, kisha ndipo wakamwita hakimu. Elkana mwenyewe alivaa sare ya polisi kwa miaka thelathini na miwili, akastaafu akiwa inspekta mkuu, na katika miaka hiyo yote hapana aliyewahi kusema kwamba alimfunga mtu kwa uvumi. Hayo yanatajwa mapema ili ieleweke kwa nini mzee wa miaka sabini na minne, raia mpya wa nchi ya watu, aliketi darasani katika mji wa Grand Prairie, Texas, Jumamosi nzima pamoja na vijana, akiwa na penseli mbili zilizochongwa na daftari jipya, kujifunza kubeba bastola ambayo hakuwa na nia ya kuibeba.

Nia yake ilikuwa nyingine. Mjukuu wake Kathure, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kikongo aitwaye Heritier, mpakiaji mizigo katika ghala. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Heritier ajeruhiwe kwa risasi katika darasa hilohilo la leseni ya kubeba bastola. Maelezo aliyowapa polisi yalikuwa mafupi: aliichezea bastola, ikalia, kosa ni lake. Jambo likafungwa kama ajali. Lakini kwenye maegesho ya magari ya kanisa watu hawakulifunga. Walisema mtu mzima hawezi kujipiga kwa mchezo. Kijana yule, yatima wa baba kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa amekusudia kujitoa uhai. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao katika kwaya aliyoifundisha. Nao wajomba wa Kathure kule Meru walikuwa wakisubiri simu ya Elkana Jumapili jioni: posa ikubaliwe, au irudishwe.

Uchunguzi ulianza Jumatano, sebuleni kwa Kathure, mjini Arlington. Elkana alimweleza mjukuu wake bila kuzunguka kwamba habari zote mbili hazikumfurahisha. Mume anayeichezea bastola atamwacha mjane kwa ujinga. Mume anayejielekezea bastola atamwacha mjane kwa makusudi.

"Babu, hakuna kati ya hizo mbili," Kathure akasema. "Mimi namjua. Lakini nikimuuliza, ananyamaza tu. Ama ana-change story, ananiuliza kama nimekula."

"Na wewe huwa umekula?"

"Babu, please."

Heritier akaingia na chai. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, aliyejikunja kidogo kila alipopita mlangoni, kana kwamba milango yote ya Texas ilijengwa na watu wafupi. Alimpa mzee kikombe kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukikishika kiwiko cha kulia kwa chini, kichwa kikiinama. Kisha akampa kisu cha kukatia mkate, mpini ukielekea kwa mzee na makali yakielekea kwake mwenyewe. Elkana alivipokea vyote viwili na kumwombea baraka yule aliyemlea.

Ndipo akaomba kuviona vidonda. Kovu la kwanza lilikuwa katika mkono wa kushoto, pale kidole gumba kinapoungana na cha shahada. La pili lilikuwa mchirizi mwembamba juu ya mbavu za kulia. Elkana alimuuliza anaandika kwa mkono gani. Wa kulia. Alimuuliza alikuwa ameishikaje bastola. Kijana akaitazama sakafu.

"Ni mimi njo nilikosa, Babu. Tuiache."

"Nimeuliza ulivyoishika. Sikuuliza nani alikosa."

Heritier alipokwenda kazini, Kathure alifungua kabati akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na shati alilolivaa Heritier siku ile. Hakulifua, kazi ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kutofua kitu ambacho bado kina la kusema. Elkana alilitandaza mezani, akavaa miwani. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umeungua kwa upande wa ndani, kuanzia karibu na kifungo cha mkononi hadi karibu na kiwiko.

Alilikagua kwa muda mrefu. Bastola hutema moto mbele yake. Mtu akifyatua kwa mkono wa kulia, moto humkimbia. Hauwezi kugeuka nyuma ukamla shati kuelekea kiwiko. Basi siku ile mdomo wa bastola ulikuwa ukimtazama Heritier, na mkono wake wa kulia ulikuwa mbali na kifyatulio. Elkana aliandika mstari mmoja daftarini: *Kidole kilichofyatua si chake.* Akaulizia jina la mwalimu wa darasa lile, na siku ya darasa lijalo.

*

Darasa lilikuwa katika ukumbi mdogo wa kupanga, nyuma ya duka la matairi. Mwalimu, Godefroid, alikuwa Mrundi wa miaka karibu sitini, mwenye shati lililopigwa pasi kama la ekaristi ya kwanza. Aliwafundisha kwa Kiswahili watu wa maghala na mahoteli ambao sheria za Kiingereza ziliwapita kasi. Elkana alikuwa amejiandikisha kwa jina lake kamili, kwa sababu babu zake hawakuwa na desturi ya kuingia nyumba ya mtu kwa jina la kuazima. Godefroid alilisoma jina hilo kwenye orodha, akalisoma tena, kisha akamsogezea kiti chenye mto.

Elkana alichagua kuketi nyuma kabisa. Alikuwa amechora safu mbili katika daftari: yanayofaa, na yasiyofaa. Safu ya kwanza ilijaa upesi. Mlangoni kila mwanafunzi aliulizwa kama ana silaha au risasi, na mikoba ikafunguliwa. Kilichopatikana kilirudishwa kwenye gari. Mwalimu mwenyewe alizigeuza nje mifuko yake mbele ya wote, akaionyesha ala tupu kiunoni. Kanuni nne zilisemwa na kurudiwa: ihesabu kila bastola kuwa ina risasi, usiuelekeze mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mzee, aliyewahi kuwafunza makuruta elfu mbili, aliweka alama ya vyema.

Hata hivyo aliona mambo madogo. Miwani ya kukinga macho ilikuwa ya zamani, imekwaruzika. Sanduku la vitabu lilikuwa limefungwa kwa kamba. Lakini bastola za mazoezi, zile za plastiki ya bluu zisizoweza kulia, zilikuwa mpya kabisa, na moja bado ilikuwa na kibandiko cha dukani.

Tena mwalimu alisema neno moja mara nyingi kuliko yote. "Bastola haipokelewi mkononi mwa mtu. Iweke mezani, uondoe mkono, mwenzako aichukue mezani." Alilisema mara tatu kabla ya saa nne, na kila mara sauti yake ilishuka.

Marie-Goretti, mama wa makamo aliyetandika vitanda hotelini, aliitwa mbele kufanya zoezi. Alifungua, akakagua, akaonyesha chemba, kijumba cha risasi, ikiwa tupu, vizuri kuliko vijana. Akamaliza. Mbele yake alisimama mwalimu, mtu mzima, naye alikuwa amelelewa. Basi aliigeuza ile bastola ya plastiki, kitako kikaelekea kwa mwalimu, akaishika kwa mkono wa kulia, akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akainama na kumkabidhi.

Godefroid aliruka nyuma kama aliyekanyaga makaa. Kiti kikaanguka.

Watu wakacheka. Kijana mmoja akamwambia mwalimu kwamba plastiki haiumi, labda aivishe kofia ya chuma. Marie-Goretti akaomba radhi, akidhani amevunja heshima. Mwalimu alijaribu kucheka pamoja nao, lakini alihitaji kunywa maji kwanza. "Hapana, mama," akamwambia. "Umeniheshimu. Ndiyo maana nasema: mezani."

Elkana hakucheka. Aliutazama mkono wa kushoto wa mama yule, pale ulipokuwa umekishika kiwiko, kidole gumba kikitangulia mbele. Kisha aligeuka polepole kuutazama ukuta wa nyuma.

Palikuwa na kalenda ya parokia, ya mwaka uliopita. Katika ukumbi ambao hata vifutio vilipangwa kwa safu, kalenda iliyokufa ilikuwa imeachwa ukutani. Na ilitundikwa vibaya. Kalenda huwekwa mbele ya macho ya watu. Hii ilikuwa imewekwa usawa wa mbavu.

Wakati wa chai, wengine walipotoka nje kwa maandazi ya Marie-Goretti, Elkana aliiinua kwa ncha ya penseli. Nyuma yake palikuwa na kiraka cha lipu, duara, kipana kama sarafu, kilichosuguliwa kwa uangalifu na kutopakwa rangi. Alipima kwa bakora kimo chake kutoka sakafuni. Akaenda kwenye meza ya mwalimu, akasimama mahali pa mwanafunzi, akaunyosha mkono wa kulia, akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Mstari kutoka mbele yake ulipita kwenye kidole gumba, ukapita kwenye ubavu, ukaishia kwenye kalenda.

Aliketi tena kabla wengine hawajarudi. Penseli yake ilikuwa imevunjika ncha, wala hakukumbuka ilivunjika lini.

*

Alasiri walikwenda kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji, upande wa Fort Worth. Kila mmoja alifyatua risasi hamsini, katika umbali wa yadi tatu, saba, na kumi na tano. Godefroid alisimama nyuma ya kila bega, akizungumza kwa upole. Mama yule alipotetemeka, alimwambia ashushe bastola, apumue, aseme majina ya watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha ainue tena. Akafaulu. Elkana naye alifaulu, akasahihisha mwenyewe risasi moja ambayo mwalimu alikuwa amemhesabia kwa huruma.

Wengine walipokwisha kuondoka, wazee wawili walibaki kwenye benchi chini ya paa la mabati. Elkana alifungua daftari akasoma safu ya kwanza, yote, kwa sauti ya mtu anayesoma cheti. Godefroid alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Nimefunza watu kazi hii," Elkana akasema. "Ni wachache wanaoifanya kwa usalama kama ulivyoifanya leo. Lakini usalama wa leo una umri wa miezi mitatu. Bastola za bluu ni mpya. Kanuni ya meza ni mpya. Kalenda peke yake ndiyo ya zamani."

Elkana akasimama, akatoa kifuko cha miwani mfukoni, akakishika kwa mkono wa kulia, akakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Mzee wa miaka sabini na minne akamwinamia mtu aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na sita.

"Pokea," akasema.

Mkono wa Godefroid uliinuka nusu, ukasimama hewani, ukarudi gotini. Ndipo machozi yakamtoka, kimya, kama maji ya mtungi uliopata ufa.

Alieleza yote, na Elkana hakumkatiza. Siku ile alikuwa amezisahau nyumbani bastola zake za zamani za plastiki. Watu walikuwa wamefika, naye akaona haya kuwarudisha. Akaitumia yake, aliyoivaa kiunoni. Alitoa kasha la risasi, akaliweka kando, akasahau ile moja iliyokuwa imekwisha kupanda chemba. Hakutazama ndani. Darasa lilipotoka kwenda kupumzika, Heritier alibaki, na aliulizia jinsi ya kuishika. Aliishika. Kisha akamrudishia kama mtoto aliyelelewa anavyomrudishia baba kisu.

"Nami niliipokea kama kisu, Mzee. Kidole kilikwenda chenyewe."

"Na polisi?"

"Alisema kabla sijafungua mdomo. 'Ni mimi.' Damu inamtoka, anasema ni mimi. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho hiyo bado haijafika."

Alikuwa ndiye aliyempokea Heritier uwanja wa ndege miaka tisa iliyopita, yeye na mama yake na masanduku mawili. Alimfundisha kuendesha gari. Alimsimamia ubatizo. Kila Jumanne tangu ajali alikuwa akimpeleka kwenye mazoezi ya mkono, na kila Ijumaa akampelekea ndagala, yaani dagaa, zilizopikwa na mkewe. Wote wawili walikula pamoja bila kulitaja jambo lile. Uvumi wa kwamba kijana alitaka kujiua aliusikia wiki mbili zilizopita tu. Tangu hapo hakulala.

Elkana alibakiza swali moja. Heritier hapendi silaha. Hata panya wa ghalani hawaui, huwafukuza. Kwa nini alikwenda kwenye darasa lile?

Godefroid alijifuta uso kwa leso iliyokunjwa pembe nne. "Hakukuambia? Kathure alitaka leseni, kwa sababu anatoka kazini usiku. Heritier aliniomba aje kwanza yeye. Alisema, 'Baba, nataka nione kama mahali hapa ni salama kwake.' Alikuja na karatasi ya maswali."

Elkana alikitazama kifuko cha miwani mkononi mwake. Kisha akakifungua, akaivaa miwani, ingawa hapakuwa na cha kusoma.

"Twende Arlington," akasema. "Jua bado lipo."

*

Heritier aliwafungulia mlango, na alipowaona wamesimama pamoja alielewa. Alijaribu kumkinga yule aliyempiga: alisema mwalimu amechoka, aketi, ale kwanza, mambo mengine baadaye. Godefroid alikataa kiti. Akiwa amesimama katikati ya sebule, alimwambia Kathure nani alifyatua, na kwa nini kulikuwa na risasi, na nani alinyamaza, na kwa nini Heritier alikuja darasani na karatasi ya maswali. Alisema Jumatatu ataiandikia ofisi ya leseni na polisi, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba darasa limefungwa mpaka wao wamjibu. Kesho, baada ya misa, angewaeleza wazazi wa kwaya. Kisha akamgeukia Heritier, akauchukua ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akaliinamia kovu lake mpaka paji la uso likaligusa.

"Baba, usiniinamie," Heritier akasema. "Wewe ni mkubwa."

"Leo nimekuwa mkubwa," Godefroid akajibu. "Jana sikuwa."

Kathure alikuwa akilia na kumpiga mchumba wake begani kwa ngumi ndogo, upande usio na kovu. "Karatasi ya maswali? Ulienda ku-inspect class kwa sababu yangu, halafu ukaniambia unacheza na bunduki?"

"Ningesema ukweli, ungemchukia Baba."

"Ningekuchukia wewe kwanza, kwa hiyo story yako mbaya."

Elkana aliagiza chai, kwa sababu mtu mmoja katika nyumba hiyo alipaswa kuwa na akili. Chai ikaletwa, na mkate, na kisu. Heritier alikigeuza kisu, mpini kwa mzee, mkono wa kushoto ukaanza kwenda kwenye kiwiko. Akasimama. Alikiweka mezani, katikati yao, akauondoa mkono. Elkana alikiacha hapo kwa muda, kisha akakichukua, akakata mkate vipande vinne, kikubwa akampa mwalimu.

Alifungua daftari kwa mara ya mwisho. Chini ya safu zote mbili aliandika hukumu yake, akaisoma: darasa lilikosa usalama siku moja kwa kusahau, na siku tisini kwa kunyamaza. Mwalimu akisema kweli, na ofisi ikimrudishia leseni, Kathure atasoma kwake na si kwa mwingine, naye babu yake ataketi nyuma. Kuhusu wajomba, watapigiwa simu kesho kwamba nyumba ya M'Rukaria imempata mtoto wa kiume asiyeweza kusema uongo vizuri, na kwamba hiyo ni sifa.

Kisha mzee akasimama, bakora mkononi, akawataka vijana wote wawili wasimame pia.

"Sikieni, na msikie mkiwa mmesimama. Heshima niliyorithi kwa M'Ikiara haikuwa ya kumfichia mkubwa kosa lake. Aliyekuzidi umri akikosea, mwambie kwa adabu, kwa sauti ya chini, faraghani, lakini mwambie siku hiyohiyo. Ukinyamaza hujamheshimu, umemwacha peke yake na kosa lake. Wewe Heritier, ulimwacha baba yako peke yake miezi mitatu ukidhani unambeba. Wewe Kathure, utazaa watoto katika nchi hii yenye bastola katika kila droo. Wafundishe kuinama. Wafundishe pia kuweka mezani. Na siku mtakapoona mkono wangu mimi umekosea, msiningoje nizeeke zaidi ya hapa. Nataka nisikie kwa vinywa vyenu kwamba mmeelewa."

Wakajibu, mmoja kwa Kiswahili cha Meru na mwingine kwa Kiswahili cha Kivu, kwamba wameelewa.

"Kwa sauti," akasema Elkana.